Uteuzi wa Mtaala wa Elimu ya Nyumbani kwa Watoto wa Umri Mbalimbali: Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa muda mrefu kauli hii imechukuliwa kuwa inahusu malezi ya tabia tu, huku mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu yakiachiwa shule. Hata hivyo, wapo wazazi nchini Kenya walioamua kuyabeba majukumu hayo yote wenyewe, yaani kulea na kufundisha. Baadhi yao hufanya hivyo kwa sababu za kidini. Wengine wana kazi zinazowahamisha mara kwa mara, wengine wana watoto wenye mahitaji maalumu, na wengine hawaridhishwi na msongamano wa madarasa.

Mnamo Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kutokana na janga la Korona, karibu kila nyumba iligeuka kuwa darasa pasipo hiari. Baadhi ya madarasa yalirejea shuleni Oktoba 2020 na wanafunzi waliosalia wakarejea Januari 2021. Miezi hiyo ilidhihirisha jambo ambalo wanaofundisha nyumbani walilijua tangu zamani: kumfundisha mtoto mmoja si kazi ngumu sana, kazi ni kuwafundisha watoto watatu wa umri tofauti, katika chumba kimoja, kwa wakati mmoja, mwalimu akiwa mmoja.

Makala haya yanafafanua jinsi mtaala unavyoweza kuteuliwa katika hali kama hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba mzazi hapaswi kuanza kwa kuuliza ni mtaala upi ulio bora, bali ni masomo yapi yanayohitaji kutenganishwa kwa kiwango cha kila mtoto na yapi yanayoweza kufunzwa kwa pamoja. Aidha, makala yanaonyesha kuwa Kiswahili ni miongoni mwa masomo yanayofaa zaidi kufunzwa kwa pamoja, lakini ndicho kinachopotea kwa urahisi zaidi familia inaponunua mtaala kutoka ng'ambo.

Mtaala ni Nini?

Neno mtaala lina asili ya Kiarabu na lina uhusiano na kitenzi taali, chenye maana ya kusoma kwa makini. Katika matumizi ya kisasa, mtaala ni mpango mzima wa elimu: malengo yake, maudhui, mbinu za kufundishia, nyenzo na namna ya kupima mafanikio. Silabasi ni sehemu tu ya mpango huo, nayo huorodhesha mada za somo fulani kwa kiwango fulani. Kitabu cha kiada nacho ni chombo cha kuitekeleza silabasi.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Mzazi anayenunua kasha la vitabu mara nyingi hudhani amenunua mtaala, ilhali amenunua nyenzo. Vitabu havimwambii ni kwa nini mtoto afunzwe jambo fulani wala afanye nini iwapo mtoto wa miaka tisa anasoma kama wa miaka kumi na miwili lakini anahesabu kama wa saba. Maamuzi hayo hubaki kuwa ya mzazi, na ndiyo kiini cha mtaala wenyewe.

Mazingira ya Kisheria na Kielimu Nchini Kenya

Uteuzi wa mtaala haufanyiki katika ombwe. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake anahudhuria masomo, na inaweka adhabu kwa anayekiuka. Sheria hiyo imejengwa juu ya dhana ya shule. Kwa sababu hiyo, familia inayofundisha nyumbani yafaa ipate ushauri wa kisheria mapema na iweke kumbukumbu za kutosha: ratiba, kazi za watoto, na matokeo ya majaribio.

Mabadiliko ya mfumo nayo yana uzito wake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 umekuwa ukiondolewa hatua kwa hatua. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini Januari 2019 kuanzia elimu ya awali hadi Gredi ya 3. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa miaka kadhaa, familia nyingi zilijikuta na mkubwa katika mfumo mmoja na mdogo wake katika mfumo mwingine, vitabu vya kaka visimfae tena dada. Hali hiyo inafunza kuwa mtaala wa familia yenye watoto wengi hauna budi kuangaliwa kwa upeo wa miaka mingi, wala si kwa muhula mmoja.

Hali kadhalika, tathmini katika mtaala wa umilisi haingojei mwisho wa safari. Zipo tathmini za shuleni zinazoanza katika Gredi ya 4, kisha KPSEA katika Gredi ya 6 na KJSEA katika Gredi ya 9. Mzazi anayetaka mwanawe abaki katika njia hii anapaswa kutafuta mapema kituo kilichosajiliwa ambako mtoto atatathminiwa. Kufanya hivyo mwaka wa mtihani wenyewe ni kuchelewa.

Aina za Mitaala Inayopatikana

Mitaala inayotumiwa nyumbani inaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni mtaala wa taifa, unaoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD). Faida yake ni kuwa vitabu vinapatikana nchini, mifano yake ni ya mazingira ya mtoto, na mtoto anaweza kurejea shuleni bila matatizo makubwa. Kasoro yake kwa mzazi mwenye watoto wengi ni kwamba umepangwa kwa gredi, kila gredi na vitabu vyake.

Kundi la pili ni mitaala ya kimataifa yenye mitihani, kama ule wa Cambridge, ambao hufikia kiwango cha IGCSE na baadaye A-Level. Vyeti vyake vinatambulika katika vyuo vikuu vingi. Hata hivyo, ada za mitihani ni kubwa, na Kiswahili ni somo la hiari.

Kundi la tatu ni mitaala ya vijitabu vya kujifunzia. Mfano unaojulikana ni Accelerated Christian Education, ulioasisiwa Texas, Marekani, mwaka 1970. Mtoto hufanyiwa jaribio la kubaini kiwango chake katika kila somo, kisha huanza mahali penye pengo. Husoma kijitabu kwa mwendo wake na huendelea akipata angalau asilimia 80. Watoto watatu wanaweza kuketi meza moja, kila mmoja na kijitabu chake, mzazi akisimamia. Ila vijitabu huandikwa ndani, kwa hiyo haviwezi kurithishwa. Na mtoto anayefanya kazi peke yake siku nzima hupata nafasi finyu ya kuzungumza.

Kundi la nne ni mikabala inayojali zaidi namna ya kujifunza kuliko orodha ya vitabu. Charlotte Mason wa Uingereza, aliyechapisha kitabu chake Home Education mwaka 1886, alisisitiza vipindi vifupi, vitabu vyenye uhai, na kumtaka mtoto asimulie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, aliwachanganya watoto wa umri wa miaka mitatu mitatu ili wadogo wajifunze kwa wakubwa. John Holt wa Marekani, aliyeanzisha jarida la wazazi wanaofundisha nyumbani mwaka 1977, alishikilia kwamba mtoto aongozwe na udadisi wake. Mikabala hii haimlazimishi mzazi kununua kitu kimoja mahususi, lakini inadai mzazi mwenye muda na maarifa.

Masomo ya Ngazi na Masomo ya Mkeka

Kosa linalofanywa na wazazi wengi ni kuiga shule. Chukulia mzazi mwenye watoto watatu, kila mmoja akiwa na masomo manane. Akitumia vitabu vya gredi tatu tofauti, ana masomo ishirini na manne ya kuandaa, kufundisha na kusahihisha. Shuleni kazi hiyo hugawanywa miongoni mwa walimu kadhaa. Nyumbani mzazi mmoja huelemewa kabla ya muhula kwisha.

Njia ya kuepuka hali hii ni kuyagawa masomo katika makundi mawili, ambayo hapa yataitwa masomo ya ngazi na masomo ya mkeka. Masomo ya ngazi ni yale ambayo kila hatua hutegemea ile iliyotangulia. Mtoto hawezi kugawanya kabla ya kujua kuzidisha, wala hawezi kusoma sentensi kabla ya kuzitambua silabi. Hisabati, hatua za mwanzo za kusoma na kuandika, na sarufi ya lugha huingia katika kundi hili. Hapa kila mtoto hana budi kuwa na kitabu chake na kipindi chake, na kiwango chake kiamuliwe na uwezo wake, si na miaka yake.

Masomo ya mkeka ni yale ambayo watoto wote wanaweza kuketi pamoja na kufunzwa mada moja, kila mmoja akachukua kwa kadiri ya upeo wake. Historia, jiografia, mazingira, dini, sanaa, muziki na fasihi ni ya aina hii. Wanaokula sinia moja hawakati matonge yaliyo sawa, lakini chakula ni kile kile. Mzazi aliyetajwa hapo juu, akiwa na masomo matatu ya ngazi na matano ya mkeka, huwa na masomo tisa ya mtoto mmoja mmoja na matano ya pamoja. Jumla ni kumi na manne badala ya ishirini na manne.

Utaratibu huu si mgeni kwa Waswahili. Katika vyuo vya Kurani vya Lamu, Mombasa na kwingineko pwani, watoto wa umri mbalimbali wamekuwa wakiketi mbele ya mwalimu mmoja, kila mmoja akiwa mahali pake katika msahafu, na waliotangulia wakiwasaidia waliofuata. Hakuna aliyeuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Aliulizwa amefika wapi. Vilevile, usimulizi wa ngano jioni haukugawa watoto kwa rika. Ngano ilikuwa moja, na masikio yalikuwa mengi.

Mfano wa Kipindi cha Kiswahili

Ili hoja hii idhihirike, chukulia familia yenye watoto wa miaka mitano, tisa na kumi na minne. Katika mtaala wa umilisi, wangekuwa takriban katika PP2, Gredi ya 4 na Gredi ya 9. Mzazi anawasimulia ngano ya Sungura na Fisi. Baada ya usimulizi, kila mtoto anapewa kazi.

Yule wa miaka mitano anasimulia upya kwa mdomo, anaiga sauti za wanyama na kuchora tukio lililompendeza. Hapo amejifunza kusikiliza, kupanga matukio na kutamka. Yule wa miaka tisa anaandika aya mbili za muhtasari, kisha anazitambua nomino katika aya hizo na kuziweka katika ngeli zake. Atagundua kwamba fisi ni nomino yenye umbo moja katika umoja na wingi, lakini katika sentensi huchukua upatanisho wa kiumbe: fisi amekuja, fisi wamekuja. Yule wa miaka kumi na minne anachambua muundo wa ngano, fomula ya kuanzia na ya kumalizia, wahusika na sifa zao, na kuandika insha kuhusu swali hili: je, ujanja wa Sungura ni wa kuigwa au wa kukemewa? Kipindi ni kimoja, na kimegusa stadi za kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi, ambazo ndizo mada kuu za somo la Kiswahili katika mtaala wa taifa.

Riwaya fupi nazo zinaweza kutumiwa vivyo hivyo. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kazi ya George Orwell, ni mfano mzuri. Mtoto mdogo husikia hadithi ya wanyama waliomfukuza bwana wao. Wa makamo huona urafiki na usaliti. Kijana huona historia ya mapinduzi na jinsi madaraka yanavyoharibu waliyoyatwaa kwa jina la usawa. Kitabu kimoja kinaweza kusomwa na familia nzima kwa wiki kadhaa, na hakiishi thamani baada ya mtoto wa kwanza.

Hatari ya Kukipoteza Kiswahili

Licha ya kufaa kwake, Kiswahili ndicho somo linaloachwa nyuma kwa wepesi zaidi. Sababu ni wazi. Mtaala ulioandaliwa Marekani au Uingereza huja na hisabati, sayansi, historia na Kiingereza ndani ya kasha. Kiswahili hakimo. Mzazi huahidi kukiongeza baadaye, lakini ratiba hujaa, na "baadaye" haifiki.

Hasara hii haiwaangukii watoto wote kwa usawa. Mara nyingi mtoto mkubwa huwa alikwenda shule ya kawaida kwa miaka michache kabla ya kuanza kufunzwa nyumbani, kwa hiyo ana msingi wa Kiswahili. Mdogo wake aliyeanza moja kwa moja nyumbani hana msingi huo. Mzazi anapowaona wakubwa wakizungumza na kuandika bila shida, hudhani lugha imo nyumbani, kumbe imo vinywani mwa wakubwa tu. Baada ya miaka michache, ndugu wawili wa tumbo moja hutofautiana: mmoja anasoma gazeti la Kiswahili, mwingine anashindwa kuandika barua kwa nyanya yake.

Athari zake ni za kielimu pia. Tangu 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za Kenya, na katika shule za upili za juu chini ya mtaala wa umilisi mwanafunzi husoma Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtoto anayerejea katika mfumo wa taifa bila Kiswahili hukuta mlima mbele yake, na kuupanda mlima huo akiwa na miaka kumi na mitatu ni vigumu kuliko kuupanda akiwa na mitano.

Hatua za Uteuzi

Kutokana na yaliyojadiliwa, mzazi anaweza kufuata hatua zifuatazo.

Mosi, aamue mwisho wa safari kwa kila mtoto. Je, mtoto atafanya mitihani ya taifa, ya kimataifa, au atarejea shuleni baada ya miaka miwili? Jibu la swali hili hupunguza machaguo mengi kwa mara moja.

Pili, apime kiwango cha kila mtoto kabla ya kununua chochote. Katika kusoma, mbinu nyepesi ni ya vidole vitano: mtoto asome ukurasa mmoja na kuinua kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiinuka, kitabu hicho bado ni kigumu kwake kukisoma peke yake.

Tatu, atenganishe masomo ya ngazi na ya mkeka, kisha anunue vitabu vya ngazi kwa kila mtoto na nyenzo za mkeka kwa familia nzima.

Nne, achague vitabu vinavyoweza kurithishwa. Mazoezi yaandikwe katika daftari, si ndani ya kitabu, ili kitabu cha mkubwa kimfae mdogo miaka mitano baadaye.

Tano, Kiswahili kiwekwe katika ratiba kabla ya masomo mengine kujaza nafasi, hasa ikiwa mtaala ulionunuliwa haukijumuishi. Sarufi ifunzwe kwa ngazi, fasihi ifunzwe kwa mkeka.

Sita, mtaala upitiwe upya kila mwisho wa mwaka. Utaratibu uliomfaa mtoto akiwa na miaka saba huenda usimfae akiwa na kumi na mmoja.

Mipaka ya Utaratibu Huu

Ni vyema kukiri kuwa mkeka una kingo zake. Mtoto anapokaribia mtihani wa Gredi ya 9, masomo kama Sayansi Jumuishi hudai vifaa na maandalizi ambayo hayawezi kuchanganywa na ya mtoto wa miaka mitano. Kadiri mtoto anavyokua, ndivyo masomo ya ngazi yanavyoongezeka na ya mkeka kupungua. Pili, ipo hatari ya mtoto mkubwa kugeuzwa mwalimu msaidizi wa kudumu. Kumsaidia mdogo humwimarisha mkubwa, lakini akitumia asubuhi nzima kufundisha silabi, yeye mwenyewe hasomi. Tatu, watoto wasiokutana na wenzao nje ya familia huzoea lahaja na msamiati wa nyumba moja. Lugha huhitaji wasemaji wengi, kwa hiyo michezo, maktaba na makundi ya familia zinazofundisha nyumbani ni sehemu ya mtaala, si nyongeza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uteuzi wa mtaala kwa watoto wa umri mbalimbali ni suala la kupanga mahusiano ya masomo na watoto, kabla ya kuwa suala la kununua vitabu. Panapohitajika ngazi, kila mtoto apewe yake. Panapowezekana mkeka, utandikwe mmoja. Kiswahili kina sehemu katika pande zote mbili, na ndiyo sababu hakifai kuachiwa nafasi iliyobaki.

Wajibu haumwelemei mzazi peke yake. Mzazi asiyekuwa mwalimu wa lugha atazipata wapi ngano zilizopangwa kwa viwango, pamoja na maswali ya mdogo, ya wa kati na ya kijana kwa hadithi ile ile? Nyenzo za namna hiyo kwa Kiswahili ni haba, ilhali wanaoweza kuziandaa ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili vyuoni. Wengi wao hukusanya fasihi simulizi nyanjani kila mwaka kwa ajili ya tasnifu, na ngano hizo huishia katika rafu za maktaba. Ngano moja ikiongezewa kurasa mbili za maswali kwa viwango vitatu, tayari ni somo la juma zima kwa familia iliyo mbali na shule yoyote.